Shehe au Padri

Askari wa lango la ploti ninayokaa siku hizi ana mazoea ya kuwasha kiberiti na kukigusisha kwenye kopo la rangi ya viatu. Rangi ikishika moto kidogo anaifunika, ikiyeyuka ndipo anapaka. Juzi nilikuwa napita na kikapu changu cha sukuma na nyanya, ile harufu ikanipiga, nikasimama pale pale. "Mama, kuna shida?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna shida, na nikazidi kusimama. Kijana wa watu akaona huyu mama leo si mzima, akanisogezea kiti chake.

Ninyi wa rika langu, mliolelewa katika nyumba za kanjo, za baraza la jiji, pengine harufu hiyo kwenu ni ya siku ya kufungua shule, au ya harusi ya mjomba. Mna bahati. Kwangu mimi ni Baba amechuchumaa mlangoni jioni ya mwisho, buti moja amelivaa mkononi kama soksi, anapiga brashi huku akiimba puani. Na pembeni yake Baba Nekesa, naye na buti lake, wakigombania kopo moja. "We Salimu, acha uchoyo, hiyo rangi nilinunua mimi." Baba akamjibu, "Ulinunua wewe, nimeiwasha mimi. Ngoja zamu yako." Hivyo ndivyo walivyozungumza watu wawili waliokuwa wakienda mbali, na mimi nikadhani safari yenyewe ni ya mzaha.

Tulikaa Shauri Moyo. Chumba kimoja chetu, chumba kimoja cha kina Nekesa, milango ikitazamana, na jiko la pamoja katikati ambapo Mama na Mama Nekesa walipikia kila mtu na stovu yake. Baba alikuwa mtu wa Mombasa, Mama ni Mtaita aliyesilimu akaolewa, na Bibi, mamake Baba, alikuja kututembelea kwa wiki mbili akakaa mpaka nikamaliza shule. Kina Nekesa walikuwa Waluhya, Wakatoliki wa kufa na kupona, na Nekesa, binti yao, alikuwa rika langu. Baba na Baba Nekesa walikuwa makoplo katika kikosi kimoja. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, wakaruhusiwa kupanga nje, na Baba aliposikia chumba cha mkabala kiko wazi, alimwita mwenzake kabla hata ya kumwambia Mama.

Jiko lile halikuwahi kuona ugomvi wa dini. Idi ikija, sinia la kwanza la pilau lilivuka kwenda kwa kina Nekesa. Krismasi, Mama Nekesa alimwita Baba aje achinje kuku kwa mkono wake, ili nasi tule bila wasiwasi. Nguruwe hakuwahi kuingia mle, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwomba Mama Nekesa asimlete. Alijua tu.

Basi jioni moja Baba alirudi na kofia ya buluu. Nilikuwa nimezoea ile yake nyingine, nikamuuliza kama imeibwa. Akacheka. "Hii ni ya safari, Zuhura. Tunaenda kuwasaidia marafiki." Alinieleza kwamba huko kusini kuna nchi iliyopigana vita miaka mingi, sasa wamekubali kuacha, na mataifa mengi yanapeleka askari wao kusimama katikati watu wasirudi kushikana mashati. Nchi yetu nayo imetoa neno lake. Mimi nilifahamu kwenda kwa rafiki. Ukienda kwa rafiki unabeba sukari, unabeba mkate. Nikamuuliza, mbona kwa rafiki mnaenda na bunduki? Baba akamtazama Bibi.

Bibi hakumsaidia. "Mjibu mtoto," alisema. "Na mimi nataka kusikia. Marafiki gani hao? Wamewahi kuja hapa kula? Wana majina?"

"Mama, ni ahadi ya serikali."

"Serikali iende basi!"

Siku zile redio haikuchoka. Wakubwa walizungumza kwa sauti nzito kwamba taifa lenye heshima halivunji ahadi yake kwa marafiki, na kwamba sasa bendera yetu itajulikana hadi ng'ambo. Baba Nekesa alikuwa na ulimi mwepesi kuliko Baba. Akasema, "Wameahidi kwa mdomo wao, watatimiza kwa miguu yetu," nao wanaume wawili wakacheka, wakapigana mikono. Wanawake hawakucheka. Shuleni nako mwalimu alitundika ramani, akatuita mbele mimi na Nekesa, darasa zima likatupigia makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa fahari, nikamkuta Mama anakatakata vitunguu, na hakutaka kusikia habari za ramani.

Asubuhi ya kuondoka, Bibi alisimama mlangoni na msahafu ameuinua juu kwa mikono miwili. Ubani ulikuwa ukifuka chetezoni. Baba akapita chini ya msahafu, mara tatu, kama ada. Baba Nekesa alikuwa amesimama pembeni na mzigo wake, mtu mrefu kama mlingoti wa stima. "Na mimi, Mama?" akauliza. Bibi akamwambia, "We nawe pita. Inama tu, usinigonge mikono." Akapita. Mama Nekesa naye hakukubali kushindwa, akatoa kichupa cha maji ya baraka kutoka kanisani, akawanyunyizia wote wawili mpaka Baba akafuta macho. Tuliangua kicheko. Lori likaja, likawachukua.

Tuliporudi ndani, Mama Nekesa alishika ufagio. Alikuwa mwanamke msafi wa kuudhi. Alishafagia pembe moja ya jikoni kabla Bibi hajamwona. Bibi alimrukia, akamnyang'anya ufagio. "Haya mwanangu! Msafiri hata hajafika barabarani, unamfagia?" Kwa Bibi, ukifagia nyumba msafiri akiwa njiani umemfukuzia mbali. Mama Nekesa alishika mdomo. Siku ile tulikula na kulala kwenye taka, maganda ya viazi yako pale pale, lakini ile pembe ilikuwa imeshafagiliwa, nyeupe, na hakuna aliyejua namna ya kuirudisha ilivyokuwa. Nilimwona Bibi akiitazama mara nyingi. Nilianza kuizunguka nikipita, na Nekesa naye akaanza kuizunguka.

Haukupita mwezi, landrova ya jeshi ikaingia mtaani kwetu, laini ya tatu ya nyumba kutoka kwetu. Iliteremsha maofisa wawili, kofia kwapani, na mtu wa tatu aliyevaa kanzu na koti. Huyo alikuwa shehe wa jeshi. Palikuwa na mama mmoja huko, Mwislamu kama sisi, mumewe dereva wa malori ya jeshi kaskazini. Watu wanasema alipomwona shehe anashuka, yule mama hakungoja salamu. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Lori lilikuwa limepinduka. Halafu haukupita muda mrefu, gari kama hilo likaenda upande wa Kaloleni, kwa familia ya Mkristo, na safari hiyo aliyeshuka ni padri mwenye kola nyeupe shingoni.

Wanawake wa Shauri Moyo hawakuhitaji kufundishwa zaidi. Nilikuwa nimekaa kwenye debe jikoni nikichambua mchele Mama Nekesa alipolisema jambo lenyewe, akikoroga ugali, hata hakugeuka.

"Kwa hivyo ukiona kanzu, Mama Zuhura, ni kwako."

"Ni kwangu," Mama alisema. "Na ukiona kola?"

"Ni kwangu."

Walilizungumza kama wanavyoamua nani atanunua mafuta taa. Kisha Mama Nekesa akapakua ugali, na hakuna aliyekula vizuri. Mimi nikamtazama Mama, nikamtazama Mama Nekesa, nikaona wote wawili wametazama chini. Leo, nikiwa mkubwa kuwapita umri wao wa wakati ule, naelewa walichokuwa wakikificha. Ukiomba gari lisije kwako, na milango ni miwili, unaliombea liende wapi?

Sisi watoto tuliipokea hiyo sheria na kuifanya mchezo. "Shehe au padri?" Nekesa alinirukia kutoka nyuma ya ukuta, nami nilipaswa kujibu haraka. Nikisema shehe, ananifukuza. Nikisema padri, namfukuza. Bibi alitusikia siku moja, akatuchapa wote kwa kandambili, bila kubagua. Lakini alichotuchapia hakikututoka kichwani. Tulikuwa tumefikia kuamini kwamba wale watu wa dini hawaleti habari za kifo. Wanaleta kifo chenyewe. Kinakuja ndani ya landrova, kama mzigo, na mzigo hauwezi kuteremshwa mpaka upatikane mlango wake.

"Wakikosa namba," Nekesa aliniambia, "watajuaje kama ni kwa buda yangu ama ni kwa buda yako?" Buda ndiye baba kwa lugha ya mtaani kwetu.

Nyumba za kanjo, mnakumbuka, zilikuwa na namba za rangi nyeusi juu ya mlango. Tukapanda kwenye debe, tukasugua namba yetu kwa mchanga na kipande cha tofali mpaka vidole vikatoka damu. Tukavuka, tukasugua na yao. Mama alipouliza ni nani aliyeharibu mlango, tukasema ni mvua. Alitutazama kwa muda, mimi na vidole vyangu, halafu akaniosha kwa maji ya chumvi. 

Kuanzia hapo maisha yetu yalikuwa ya masikio. Injini ya dizeli ikisikika kutoka Jogoo Road, kisu cha Mama kilisimama juu ya kitunguu. Kikisimama cha Mama, cha Mama Nekesa nacho kinasimama. Injini ikipita, visu vinaendelea. Bibi aliacha kusikiliza matangazo ya vifo ya redio, yeye aliyekuwa hakosi hata moja na akiwajua marehemu wa Kenya nzima kwa ukoo. Ule muziki wao wa huzuni ukianza tu, alizima. Mama alianza kulala na kanga imefungwa kabisa, kama mtu anayetarajia kuitwa nje. Alikonda. Mama Nekesa naye alinenepa, maana kila alipoogopa alikula.

Siku moja landrova ikaja kweli, ikasimama mbele ya jiko letu. Ndani palikuwa na dereva peke yake, kijana wa ndevu chache, gari lake limechemka, anaomba maji. Mama alimjazia jagi. Alimpa kwa mikono miwili, akamwuliza ametoka wapi, akamtakia safari njema, adabu zote. Kijana alipokwisha kuondoka, Mama alikwenda nyuma ya choo akatapika. Mama Nekesa alimfuata, akamshika kichwa. Nilisikia Mama akisema, "Siwezi tena, Mama Nekesa. Haki ya Mungu, siwezi. Kama ni kuja, waje." Na Mama Nekesa akamkaripia, "Nyamaza! Usiwaite!"

Nao wakaja.

Ilikuwa mchana, tumerudi kutoka shule kula. Mama alikuwa akikaanga samaki, Mama Nekesa anachambua kunde, Bibi amekaa mlangoni petu na tasbihi. Hatukuisikia injini kwa sababu ya mlio wa mafuta. Tulipoinua macho landrova ilikuwa imeshasimama. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka ofisa. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka ofisa mwingine, akavua kofia. Kisha kikatoka kiatu cheusi, suruali nyeusi, na shingoni kola nyeupe.

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Mama. Nilisikia pumzi ikimtoka. Nilisikia na neno lililoanza kutoka na pumzi hiyo, "Alhamdu...", na nikasikia akilikata katikati, akafumba mdomo kwa kiganja. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona vile. Shukrani na aibu viligongana humo kwa kishindo. Akautupa mwiko, akageuka, akamkimbilia Mama Nekesa.

Mama Nekesa alikuwa ameshaiona kola. Kunde zilikuwa zimemwagika zote. Alikuwa anaanguka, Mama akamdaka kabla hajafika chini, wakaenda wote sakafuni, na Mama Nekesa akatoa kilio ambacho nawaambia kilipanda juu ya mabati ya laini nzima. "Uwii! Baba Nekesa! Umeniacha na nani!" Mama alimkumbatia kwa nguvu zake zote, analia naye, anamwambia, "Niko hapa, mama, niko hapa. Lia. Lia, dada yangu." Nekesa alisimama na sahani yake mkononi. Nilimshika mkono uliokuwa wazi. Ulikuwa umelowa jasho, na nilihisi, Mungu ananijua, mwili wangu wote umekuwa mwepesi.

Bibi alikuwa ameshainuka, amejifunga kanga kiunoni. Yeye na misiba walijuana. "Zuhura, zima hiyo stovu! Toa viti, tandika mkeka kwa kina Nekesa! Nenda kamwite mama wa nyumba ya pembeni, mwambie alete sufuria kubwa!" Majirani walianza kuja, kina mama wa nyumba za reli, kina mama wa sokoni, mikono kichwani. Tulikuwa tumeshaanza matanga. Nilikuwa nimeshatoa viti viwili.

Maofisa nao walikuwa wamesimama nje, wanatazama mlango huu, wanatazama mlango ule. Namba hazipo. Mmoja aliuliza jambo, lakini nani angemsikia? Padri ndiye aliyeingia jikoni. Alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani, mtu wa huko bara. Alichuchumaa karibu na wale wanawake wawili, akaweka mkono begani kwa Mama Nekesa.

"Mama," alisema, "wewe ndiye mke wa Koplo Salimu?"

Kilio cha Mama Nekesa kilikatika. Alimtazama padri, kamasi na machozi usoni, mdomo wazi.

"Hapana, Padri," Mama akajibu. Bado alikuwa amemkumbatia. Alijibu kwa upole kabisa, kama unavyomwelekeza mgeni aliyepotea njia. "Umekosea. Huyu ni Mama Nekesa. Mumewe ni..."

"Ninamtafuta mke wa Koplo Salimu, mama."

"Sisi ni Waislamu," Mama alisema. "Sisi tunaletewa shehe."

Yule padri alivua miwani yake. "Shehe yuko safarini, mama," alisema. "Nimetumwa mimi."

Mama hakulia. Aliikodolea ile kola macho, kama kwamba bado ingeweza kubadilika. Ndipo nikaona mikono ya Mama Nekesa, iliyokuwa imelegea muda wote ule, ikiinuka. Ikamzunguka Mama mgongoni, ikafunga. Machozi yake yalikuwa yamekwisha kuanza. Aliyaanza kwa mumewe, akayamalizia kwa Baba yangu. Bibi aliachia mkeka chini. Alisema, "Salimu?" mara moja tu, kwa sauti ya kuuliza, kama anamwita ndani aje kula.

Mimi nilimchukia padri yule. Semeni mtakavyo, nilimchukia kwa roho yangu yote, kwa sababu alivunja sheria. Na nilikasirishwa na ule mlango. Tulisugua namba mpaka tukatoka damu, na bado walipajua.

Baba aliletwa katika sanduku lililofungwa, na bendera juu yake. Bibi alitaka aoshwe, kama anavyooshwa Mwislamu. Maofisa wakamwambia kwa heshima kwamba sanduku halifunguki. Bibi akawauliza tena, akawauliza mara ya tatu, kisha akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo wakati wote wa kumswalia. Bunduki zikapigwa makaburini, watoto wa majirani wakaokota maganda ya risasi. Jioni mkubwa mmoja akasema redioni kwamba nchi imesikitika, na kwamba ahadi yetu kwa marafiki iko pale pale. Bibi hakuzima. Alisikiliza mpaka mwisho, na akasema, "Iko pale pale. Haya."

Mama akakaa eda. Miezi minne na ushei, ndani ya chumba, pazia limeshushwa, hatoki bila dharura, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu wake, wale ambao wangeweza kumwoa. Aliyemtekea maji ni Mama Nekesa. Aliyekwenda sokoni, aliyemfulia, aliyenisuka nywele, ni Mama Nekesa. Alikuwa akiingia chumbani kwetu anakaa naye mkekani, kunde ungoni, wakichambua pamoja. Lakini walikuwa wamebadilika. Injini ikisikika barabarani, sasa kisu kilichosimama kilikuwa kimoja. Na Mama Nekesa aliona haya kwa hicho kisu chake. Nilimwona akijilazimisha kukata.

Baba Nekesa alirudi eda ikiwa karibu kumalizika. Lori lilimwacha kando ya barabara na mzigo wake. Mama Nekesa alikuwa amewakataza wanawake wote vigelegele, na Nekesa alikatazwa kukimbia. Alitembea kumlaki babake, polepole, kama anayekwenda kupokea komunyo. Yule mtu mrefu alikuwa amepinda. Alimshika mkewe bega, akamshika mtoto kichwa, na hakuingia kwake. Alikuja moja kwa moja kwetu na vumbi la safari.

Bibi akamtolea stuli, akaiweka mbele ya pazia. Upande wa pili Mama alikuwa mkekani, na mimi ubavuni mwake.

"Shemeji, hujambo."

"Sijambo, Baba Nekesa. Umefika salama?"

"Nimefika."

Nilimsikia akiuweka mzigo wake chini.

"Shemeji, walikueleza nini?"

"Walinieleza ni bomu la kutegwa ardhini. Kwamba gari lilikanyaga."

"Walikueleza na siku?"

"Jumapili, walisema."

"Jumapili." Nilisikia stuli ikilia. "Shemeji, kule tulikuwa na mpango wetu, mimi na Salimu. Hakuna mkubwa aliyetupangia. Ijumaa nilimshikia zamu akaenda kuswali. Jumapili alinishikia mimi, nikaenda misa. Tulifanya hivyo tangu tulipofika." Akakohoa. "Lile gari lilikuwa langu, shemeji. Ile barabara ilikuwa yangu. Waliponiita nilikuwa hemani na padri, tunaimba."

Huko jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni mpaka kikatulia. Mama Nekesa alikuwa amesimama pale akisikiliza. Hata yeye hakuwa amejua.

Nilimtazama Mama. Nilitarajia apige kelele, na nilitaka apige. Alikuwa amefumba macho. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na Ijumaa zake? Alizipata?"

"Zote. Sikumkosesha hata moja."

Mama alichukua pindo la kanga yake, akalizungushia mkono wote hadi vidole visionekane, kwa kuwa yule hakuwa maharimu wake. Akaupitisha ule mkono chini ya pazia. Kwa upande wetu sikuona alivyoupokea. Niliona tu kanga ikikazwa, na mabega ya Mama yakianza kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya padri nikamsikia mama yangu akilia. Ng'ambo ya pazia mwanamume alikuwa akilia naye. Bibi alinitoa nje.

Kabla sijatoka nilimsikia Mama akimwambia, "Jumapili nenda kanisani, Baba Nekesa. Usiache kwenda. Tafadhali." Naye akaitika, "Nitaenda, shemeji."

Hakwenda. Mkewe alimsihi, paroko alikuja mwenyewe kumwona, wapi. Ijumaa alikwenda kazini kama kawaida, lakini Jumapili, kengele ya kwanza ikilia huko kanisani, alitoka na stuli yake, amevaa sare iliyopigwa pasi, akaketi mbele ya mlango wetu, anatazama barabara. Alikaa hivyo mpaka watu waliporudi kutoka misa. Alifanya hivyo mpaka tulipohama Shauri Moyo, na katika miaka hiyo yote Mama alimpelekea chai.